Matone Mekundu Chini ya Gari



Wasomaji wetu watukufu, na hasa kina mama na mabinti, leo twawaomba subira kidogo, kwani tumekuja na habari ya gereji. Hatukuwa na nia ya kuandika juu ya vyuma na mipira. Lakini jambo lenyewe lilianzia uani kwetu, likawagusa watu watatu wa nyumba yetu, na kosa lililokuwamo lilikuwa letu sisi tuandikao. Tumeona kulisimulia ni bora kuliko kulificha, huenda likamfaa mwenye gari kuukuu, na huenda likamfaa asiye na gari kabisa.

Gari tulilonalo ni Land Rover 110 aliyotuachia marehemu baba yetu. Aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1983 huko Uingereza, na jina la Defender lilikuja baadaye, mwaka 1990. La kwetu ni la mwaka 1985, kwa hivyo halina jina hilo, ingawa vijana wa mtaani hulipa. Limebeba nazi na mihogo, limebeba maharusi, limebeba jeneza. Siku hizi analiendesha zaidi binti yetu wa pili, mwalimu wa shule ya msingi, na kazi yake kubwa, mbali na kwenda shule, ni kumpeleka bibi yake kliniki ya shinikizo la damu huko Msambweni kila mwezi. Bibi yake ndiye mama yetu mzazi, na umri wake umepita miaka 80.

Asubuhi moja, mvua za masika zilipokuwa ndiyo kwanza zimeanza, binti yetu alirudi ndani akiwa na ufunguo mkononi.

"Baba, pana matone mekundu chini ya gari, upande wa gurudumu la mbele la kulia. Na nikikata kona usukani unalia."

"Land Rover isiyovuja, mwanangu, ujue haina oili ndani," tulimjibu, tukacheka. Ni mzaha wa zamani wa wenye magari hayo.

Yeye hakucheka. Alisema juzi yalikuwa matone matatu, na leo ni kumi na moja, ameyahesabu. Basi tukainuka, wala si kwa kwenda kutazama chini ya gari. Tulikwenda stoo, tukatoa chupa iliyokuwa imebaki nusu, tukampa ajazie kopo la oili ya usukani. Chupa ile haikuwa na oili nyekundu. Ilikuwa ya breki. Tuliliona hilo, tukajiambia kwamba oili ni oili, na kwamba wanawake hukuza mambo ya magari.

Baada ya wiki mbili, alipokuwa akirudi kutoka kliniki na bibi yake ameketi kiti cha mbele, mvua ilikuwa ikinyesha na njia ya udongo imelainika. Penye kona iliyo kabla ya kalvati, usukani ulikuwa mzito ghafla. Watu hudhani kwamba usukani wa pawa ukiishiwa na oili hukatika, sivyo. Magurudumu hubaki yameunganishwa na usukani kwa vyuma, ila msaada wa pampu huondoka, na uzito wote wa gari lile hurudi mikononi mwa dereva. Mikono ile ilikuwa ya msichana mwembamba, naye hakupewa hata nukta moja ya kujiandaa. Alivuta kwa nguvu zake zote, akakanyaga breki, gari likaserereka nje ya njia na gurudumu la mbele likaingia mtaroni, hatua chache kabla ya mnazi. Alhamdulillahi, hakufa mtu. Mama yetu alipigwa goti, likavimba kwa siku kadhaa.

Tulipofika pale, binti yetu alikuwa amemshika bibi yake chini ya mwavuli. Hakutulaumu. Mama yetu ndiye aliyetutazama akasema maneno matatu: "Mtoto alikwambia wewe." Kisha akageuza uso kuelekea barabarani.

Gari lilivutwa hadi Ukunda, kwa fundi mzee aliyezeeka na Land Rover. Alichovya kidole katika kopo la oili, akakinusa, akauliza: "Shekhe, mmetia nini humu?" Tukakiri. Akatikisa kichwa, akatueleza bila ya ukali. Usukani wa gari hili hutumia oili ile ile nyekundu ya giaboksi za otomatiki, na mipira yake imetengenezwa kuishi ndani ya oili ya namna hiyo. Maji ya breki ni kitu kingine kabisa. Mipira ya breki huyazoea, lakini mipira ya usukani ikikutana nayo hufura na kulainika. Alipofungua, tuliiona kwa macho yetu: ilikuwa imefura mithili ya kunde zilizolowekwa usiku kucha. Tone lililokuwa likivuja kwa sababu ya sili moja iliyochakaa, sisi tuliligeuza kuwa ugonjwa wa boksi zima. Mipira ya pampu nayo iliharibika, na mabomba yake pia.

Hapa yafaa tueleze boksi hilo ni kitu gani, kwa kuwa nasi tulikuwa tukilipita kila siku bila ya kulijua. Boksi la usukani, ambalo mafundi huliita stelingi boksi, ni kichwa cha chuma kilichofungwa kwenye fremu karibu na gurudumu la mbele. Juu yake huingia fimbo inayotoka kwenye usukani. Ndani, mzunguko wa fimbo hiyo hugeuzwa na parafujo nene kuwa mwendo mfupi wenye nguvu nyingi. Chini hutoka shafti fupi yenye meno, ambayo imeshika mkono wa chuma, na mkono huo ndio unaosukuma na kuvuta magurudumu. Pampu huleta oili kwa msukumo mkubwa ili kumsaidia dereva. Sasa basi, kila mahali ambapo chuma kinachozunguka hutoka nje ya boksi, pana mpira wa kuizuia oili isitoke na kuzuia tope lisiingie. Mipira hiyo ndiyo sili. Ipo ya juu penye fimbo, ipo ya chini penye shafti, na ipo mingine, myembamba kama bangili, chini ya vifuniko. Yote kwa pamoja hujaa kiganjani. Ikikosekana mmoja tu, gari la zaidi ya tani moja na nusu halina maana.

Tulidhani kazi kubwa itakuwa kufungua na kufunga. Kumbe kazi kubwa ilikuwa kuzipata sili zenyewe.

Kwanza tulipiga simu Nairobi, kwenye duka moja la spea katika barabara ya Kirinyaga, tukasema kwa kujiamini: Land Rover 110, mwaka 1985, usukani wa pawa, tupeni sili zote za boksi. Mwenye duka aliuliza maswali mawili matatu, sisi tukamkatiza. Baada ya siku mbili mzigo ulifika kwa basi. Fundi alifungua pakiti, akachukua mpira wa kifuniko cha juu, akauweka juu ya boksi, akaurudisha katika pakiti. Haukulingana hata kidogo.

"Mlimwambia kifuniko kina bolti ngapi?" aliuliza.

Hatukumwambia, kwa kuwa hatukuzihesabu. Ndipo tulipojifunza kwamba magari haya yaliwekwa maboksi ya aina zaidi ya moja, na alama iliyo rahisi kabisa ya kuyatenganisha ni idadi ya bolti za kifuniko cha juu: yapo ya bolti nne na yapo ya bolti sita. Yafanana kwa mbali, lakini ndani mipira yake si mamoja. Mwenye duka hana lawama. Alitupa kile tulichomwomba.

Lakini sisi tuliendelea kubishana na fundi. Tulikuwa na kadi ya gari mkononi, na kadi imeandikwa 1985. Vipi boksi lisiwe la mwaka huo? Jioni ile, tukiwa barazani, tulimsimulia mkewe nyumba habari hiyo kwa sauti ya kulalamika. Mama yetu alikuwa ndani amelala kwa goti lake. Akaita kutoka chumbani:

"Boksi hilo si la gari hilo! Baba yenu alilinunua Mombasa mwaka ule wa mvua za El Niño. La kwanza lilivunjika Mrima, na mimi nilikuwamo garini."

Mvua za El Niño zilikuwa mwisho wa mwaka 1997 na mwanzo wa 1998. Kwa hivyo kwa miaka zaidi ya ishirini gari la 1985 lilikuwa likitembea na boksi la gari jingine, na mtu pekee aliyelijua jambo hilo alikuwa amelala hatua kumi kutoka penye simu tuliyoipigia Nairobi. Hatukumuuliza. Haikutupitikia kwamba mama mzee angekuwa na elimu ya boksi la usukani.

Kuanzia siku hiyo binti yetu alichukua daftari. Hakutuomba ruhusa. Alikwenda gereji baada ya saa za shule, akaandika idadi ya bolti, jina la kiwanda lililochorwa kwenye chuma cha boksi, na vipimo ambavyo fundi alimpimia kwa venia. Kila sili kuukuu iliyotoka aliisafisha kwa kitambaa, akaitia ndani ya kopo la biskuti pamoja na karatasi ndogo iliyoeleza ilitoka wapi na uso wake ulielekea upande gani. Fundi alikuwa na desturi ya kuzitupa. Siku ile alizikusanya kutoka sakafuni mwenyewe akamkabidhi.

Jumamosi iliyofuata tulivuka Likoni kwa feri, sisi na binti yetu na kopo lake la biskuti mapajani. Mombasa yapo maduka ambayo hayauzi kitu ila beringi na sili, na mwenye duka tuliloingia alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alituonyesha jambo ambalo ni vyema kila mtu alijue kabla ya kwenda dukani. Sili ina vipimo vitatu: kipenyo cha ndani ambacho ni unene wa shafti, kipenyo cha nje ambacho ni upana wa tundu inamokaa, na unene wa sili yenyewe. Aghalabu huchapwa usoni mwake kwa mpangilio huo, kwa milimita. Mathalan, ukiona 35-52-7, shafti ni milimita 35, tundu ni 52, na unene ni 7. Lakini vyombo vingi vya Kiingereza vya zamani vilipimwa kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4, basi hesabu hutoka na vipande. Anayechukua sili ya milimita iliyo karibu tu na kipimo cha inchi, akasema itajizoeza, atarudi kununua nyingine.

Mzee alipima sili yetu ya chini, akapanda ngazi, akashuka na moja ya inchi yenye vipimo vyote vitatu sawasawa. Bei yake ilikuwa ndogo mno. Tulifurahi. Tulikuwa tumekwisha tia mkono mfukoni pale binti yetu alipoziweka zote mbili juu ya meza, kuukuu na mpya, akazigeuza.

"Baba, hizi si ndugu. Tazama mdomo."

Tulitazama. Sili mpya ilikuwa na mdomo mrefu, mwembamba, unaopinda kwa kidole. Ile kuukuu, ijapokuwa imefura, mdomo wake ulikuwa mfupi na mnene, na nyuma yake palikuwa na pete ngumu ya kuuegemeza.

"Huu mwembamba utahimili msukumo wa pampu?" alimuuliza mzee. "Naona kama mpira wa sufuria ya presha. Mpira wowote wa duara waweza kuenea pale kwenye kifuniko, lakini mvuke ukipanda unatoka nje."

Mzee aliinua miwani yake. Alimtazama binti, kisha akatutazama sisi, akasema: "Binti amesema kweli. Hii ni ya giaboksi, ya kuzuia oili iliyotulia. Mlitaka vipimo, nikawapa vipimo. Hamkuniambia kama ni ya pawa."

Akatufafanulia. Sili ya kawaida ya shafti huzuia oili isiyo na msukumo, au yenye msukumo usiofika hata baa moja. Ndani ya usukani wa pawa, dereva anapokata kona kali, pampu yaweza kusukuma oili kwa zaidi ya baa 70. Kwa hivyo sili za huko huundwa kwa namna ya peke yake, na penye shafti ya chini huwa mbili: ya ndani inayohimili msukumo, kisha washa, kisha ya nje ambayo kazi yake ni kufukuza tope na maji, na mwisho pete ya chuma inayozishikilia zote. Anayetia sili ya giaboksi mahali pa ile ya ndani ataona kavu siku ya kwanza, na huenda siku ya pili. Siku ya kona kali ndiyo siku itakayotoka.

Tusiseme uongo: hata baada ya maelezo hayo, nafsi ilitushawishi. Ile ya bei ndogo ilikuwa mezani, na ile ya haki haikuwamo dukani. Ilibidi iagizwe seti nzima kutoka Uingereza, kwa bei iliyozidi mara nyingi, na kungojewa kwa wiki tatu. Tulitamka kwa sauti ya chini kwamba labda tuichukue hii kwa muda tu. Binti yetu hakutujibu. Alizirudisha sili kuukuu ndani ya kopo, moja moja, na karatasi zake, akafunga kifuniko. Tukakumbuka maneno matatu ya mama yetu kule mtaroni. Tukalipa arubuni ya seti.

Katika wiki hizo tatu, siku ya kliniki ilifika. Mama yetu alipanda tuktuk hadi barabara kuu, kisha matatu hadi Msambweni, na kurudi vivyo hivyo, goti lake likiwa bado halijapona. Binti yetu aliomba ruhusa shuleni amsindikize. Tulikwenda nao, na kila shimo ambalo tuktuk iliingia tulilihesabu kama tulivyopaswa kuyahesabu yale matone.

Seti ilipofika, kila kitu kililingana na daftari, lakini fundi hakuharakisha. Alisema sili mpya juu ya shafti mbovu ni pesa kutupwa. Hewa yetu ya pwani ina chumvi, na tope likipita ile sili ya nje hukaa juu ya shafti likaifanya kutu, pale pale mdomo wa sili unapogusa. Akapitisha ukucha wake juu ya shafti polepole. Ukucha ukikwama kwenye shimo, alisema, mdomo wa sili hautaishi. Palikuwa na mkwaruzo mwepesi. Aliusugua kwa msasa laini sana wenye oili, akizungusha kufuata duara la shafti, wala si kwa urefu wake, kwa kuwa mikwaruzo ya urefu huwa njia ya oili kutokea. Akajaribu tena kwa ukucha, mara tatu, hadi ukapita bila kushika. Lau shimo lingekuwa na kina, alisema, angetuambia tutafute shafti nyingine.

Kisha ikaja kazi ya kuvisha. Shafti ile ina meno makali mwishoni, na sili lazima iyapite ndipo ikae mahali pake. Fundi aliyafunga meno kwa utepe laini wa kubandika, akaupaka oili mdomo wa sili, akausukuma mahali pake kwa kipande cha bomba kilicholingana na ukingo wake, kidogo kidogo pande zote, ili isikae mshazari. Tuliona tofauti kati ya mikono ile na wale tuliowahi kuwaona wakipigilia sili kwa nyundo na bisibisi. Mdomo wenye springi aliuelekeza ndani, upande wa oili. Karatasi za binti yetu zilithibitisha ndivyo ilivyokuwa ile ya zamani. Mkono wa chuma ulirudi kwenye alama aliyoichora kabla ya kuutoa, ili usukani unapokuwa umenyooka na magurudumu yawe yamenyooka.

Tulimwomba basi aikaze ile parafujo ya juu ya boksi, tukiwa tumesikia kwamba ndiyo hupunguza ulegevu wa usukani. Alikataa. Alisema wengi huikaza hadi usukani ukashindwa kurudi wenyewe baada ya kona, na hilo huua watu. Ulegevu wetu ulikuwa kwenye ncha za vyuma vya magurudumu, si kwenye boksi. Tulibadilishe lililo bovu, tuliache lililo zima.

Pampu tulipata nyingine, mabomba tuliyabadili, na mfumo wote ulisafishwa usibaki hata tone la maji ya breki. Mwisho lilikuja jambo la kutoa hewa. Magurudumu ya mbele yaliinuliwa juu ya stendi imara. Binti yetu aliketi penye usukani akauzungusha taratibu kutoka mwisho wa kulia hadi mwisho wa kushoto, na kurudi, nasi tukiwa tumesimama mbele na chupa ya oili nyekundu, tukimimina kila mara ilipopungua. Mapovu yalipanda, yakawa machache, yakakoma. Alisema, "Sasa ni mwepesi, Baba."

Tulimwambia pale pale, fundi akisikia, kwamba tulimkosea. Kwamba alitupa habari ya kweli mapema, kwa hesabu, nasi tukamrudishia mzaha na chupa ya sumu. Alitazama usukani kwa muda. Akasema, "Mimi nilijua ile chupa si nyekundu, Baba. Nikaitia kwa sababu ni wewe uliyenipa." Neno hilo lilituchoma zaidi ya lile la mama yetu. Tulikuwa tumemzoeza binti mwenye macho mazuri kutoyaamini macho yake mbele yetu.

Usiku ule tulitandaza kipande cha katoni safi chini ya gari. Asubuhi kilikuwa kikavu. Twakitandaza kila Ijumaa hadi leo, na imepita miezi minne.

Kwa ndugu zetu wenye magari ya umri huo, haya machache tumeyalipia, nanyi yachukueni bure. Msiwe watu wa kununua sili kwa jina la gari wala kwa mwaka wa kadi. Hesabuni bolti, someni chuma chenyewe, na waulizeni wazee wa nyumba kama kiliwahi kubadilishwa. Sili kuukuu isitupwe kabla ya mpya kukaa. Dukani semeni kipimo na kazi yake pia. Oili iwe ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari, na kama hamna kitabu, muulizeni fundi kabla ya kufungua chupa. Na anayeendesha gari kila siku akisema limebadilika, aaminiwe, awe mke, binti au kijana wa kazi. Mikono yake imeshika usukani, yako haikuushika.

Lile kopo la biskuti liko kwenye rafu kando ya mlango, na daftari juu yake. Ukurasa wa kwanza una mwandiko wa binti yetu: "Boksi si la mwaka wa gari. Bolti nne. Muulize Bibi." Mama yetu hajui kusoma herufi hizo, lakini alipoambiwa kilichoandikwa aliomba asomewe mara ya pili. Jumatatu ya kliniki huketi kiti cha mbele, na kabla ya gari kuondoka humwambia mjukuu wake achungulie chini kwanza. Nasi siku hizi twapiga magoti kando yake tuchungulie pamoja.